Vifaa vya Kumwoshea Jirani Miguu

Kifaa cha kwanza nilichomtengenezea nyanya yangu kiling'aa sana na hakikufaa kitu. Kilikuwa mpini wa mwiko, nilioutoa kwenye jiwe la sabuni. Sisi ni watu wa Tabaka, huku Kisii linakochimbwa jiwe hilo. Hapa mtu akipata shida ya aina yoyote, jambo la kwanza ni kutazama jiwe liko wapi. Tunachonga viboko ambao hatujawahi kuwaona, chesi ambazo hatujui kuzicheza, na visanduku vya hereni za wanawake tusiowafahamu. Kwa hiyo kliniki ya viungo mjini Kisii ilipompa nyanya karatasi yenye picha za vifaa vya kumsaidia mtu mwenye baridi yabisi, na picha mojawapo ikamwonyesha mama wa Kizungu akikitabasamia kijiko chenye mpini mnene, sikuwa na swali. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchagua jiwe.

Lazima niseme ukweli kuhusu wiki tatu zilizofuata. Nilimfanya nyanya afinye bonge la ugali uliopoa ili nipate umbo la kiganja chake. Alifinya, akalitazama, akasema, "Kumbe ndivyo nilivyo. Usimwonyeshe mtu." Nililiweka bonge juu ya kabati, nikalipima kwa rula kila upande, nikachonga mpini uliofuata kila bonde la kila kidole. Kisha nikaanza msasa. Kwetu wanaume ndio huchonga, na wanawake husugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Mimi nimesugua tangu nikiwa darasa la nne. Kuchonga nilijifunza mwenyewe, kwa vipande vilivyotupwa na kwa kuwakodolea mafundi macho hadi wakaniuliza nina haja gani. Aliyejifundisha mwenyewe ana tatizo moja: hana wa kumwambia imetosha. Nilisugua hadi nikafika msasa laini kabisa, nikapaka nta, nikaona alama moja ndogo kama unywele, nikarudia kazi yote.

Asubuhi ya kuujaribu ilikuwa ya ukungu. Jiwe likishalala na baridi haliiachi hadi saa nne hivi. Nyanya aliushika mpini, vidole vikakakamaa palepale. Kisha mvuke ukapanda kutoka kwenye sufuria, mpini ukalowa, na jiwe la sabuni lililosuguliwa na mtu kama mimi likilowa, hakuna binadamu wa kulishika. Mwiko ulimtoka mkononi, ukapiga ukuta, ukaanguka mlangoni na nusu ya ugali. Kuku waliuwahi.

"Mke mwenzangu," nyanya akasema, "mimi nilitaka mwiko. Wewe umeniletea kambare."

Kuniita mke mwenza ni utani wa kwetu. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, hata kama babu alizikwa kabla mjukuu hajazaliwa, na nyanya ana ruhusa ya kumwambia mke mwenza lolote linalomjia mdomoni. Mimi pia nina ruhusa. Mama yangu nikimjibu hivyo nitatafuta pa kulala, lakini kwa nyanya, ambaye namwita Magokoro kama wajukuu wote wa huku, mdomo wangu hauna mlango. Tunazungumza Kigusii, na ninapoyaandika maneno yake kwa Kiswahili najua nayapunguzia pilipili. Naomba radhi. Nimejaribu kila sentensi mara nne.

Vidole vyake vimelala upande mmoja, vyote vinne, kama migomba baada ya upepo wenye mvua. Magoti yake yamevimba, na yakikunjwa hutoa sauti ambayo yeye husema ni ya kiti. Alikulia upande wa Nyamira, akachuma majani ya chai tangu usichana hadi alipoolewa huku, na siku ile kliniki daktari alipouliza kama ni kazi hiyo iliyomwumiza, alikasirika kwa niaba ya chai. "Majani hayana mikono," alisema. "Yatanikunja kwa kitu gani?"

Baada ya mpini wa kambare nilitengeneza vifaa vibaya, na vibaya ndivyo vilivyofanya kazi. Nilizungushia mwiko wake wa zamani ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ukanenepa kama muhogo, na siku ya kwanza akasonga ugali wa watu watano bila kutusi. Nilifunga kitanzi cha kamba kwenye komeo la mlango ili avute kwa kifundo cha mkono badala ya kubana kwa vidole. Nilikata kipande cha mpira ule ule cha kufungulia vifuniko vya chupa. Nilikikata tundu kiti cha plastiki, nikakiweka juu ya shimo la choo, na kwa siku mbili alikataa kukitumia kwa sababu, alisema, mtu hawezi kufanya jambo lile akiwa amekaa kama mgeni wa harusi. Siku ya tatu alikaa huko hadi nikaenda kugonga mlango. "Niache," akajibu kutoka ndani, "niko harusini."

Jiwe lilipata ushindi mmoja tu. Nilichonga vikombe vinne vizito, kila kimoja kirefu kuliko kiganja changu, nikaviweka chini ya miguu ya kiti chake cha mbao. Kiti kikapanda. Mtu mwenye magoti mabovu hashindwi kukaa, hushindwa kuinuka, na kadiri kiti kinavyopanda ndivyo kazi ya kuinuka inavyopungua. Alikaa, akainuka, akakaa tena, akainuka tena, akaniangalia. Hakunitukana, na kwa nyanya hiyo ni sifa ya kuandikwa.

Hata hivyo nakiri kwamba ule mwiko wa tyubu uliniaibisha. Mgeni akibisha hodi niliuficha nyuma ya gunia la mahindi. Nilikuwa msichana anayechonga mawe mazuri, na chombo kilichokuwa kikimlisha nyanya yangu kilifanana na kitu kilichookotwa kwa fundi wa baiskeli. Nyanya aligundua. Tangu siku hiyo, mgeni akifika, huutoa yeye mwenyewe na kuutumia kuelekeza watu viti.

Sasa nifike kwenye miguu ya jirani.

Sisi ni Wasabato. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu: wanawake kwenye chumba chao, wanaume kwenye chao, wawili wawili. Unapiga magoti mbele ya mwenzako, unamwosha, unamkausha kwa taulo, mnabadilishana, mnaomba, mnakumbatiana. Kila mtu huwa ameisugua miguu yake nyumbani hadi ikawa myekundu, kwa hiyo hakuna uchafu wa kutoka. Yanayotoka ni mambo mengine.

Jirani yetu ng'ambo ya migomba ni mwanamke wa rika la nyanya, na wameoshana miguu tangu wakiwa wake wapya. Katikati ya robo hugombana: kuku wake kwenye mboga zetu, tawi la parachichi letu juu ya paa lake, maneno ambayo mmoja alisema matangani na mwingine akayasikia kupitia kwa watu watatu. Robo ikiisha wanaoshana, wanakumbatiana, na Jumatatu wanaanza upya na kuku. Mpango huo uliwafaa kwa miaka mingi kuliko nilivyoishi.

Robo iliyopita magoti ya nyanya yalikataa. Shemasi mmoja, mama mpole, alimwambia, "Mama, wewe kaa tu uoshwe. Mungu anaujua moyo." Jirani akapiga magoti, akamwosha nyanya kidole kwa kidole, akamkausha taratibu, kisha akaomba sala ndefu kuliko ya mchungaji, bado amepiga magoti, huku chumba kizima kikimtazama kwa heshima.

Nyanya alilibeba hilo hadi Jumapili jioni.

"Ameniosha kama sufuria," akasema. "Yeye ameniosha, mimi sijamwosha. Unamwona anavyopita hapo njiani? Anatabasamu."

"Magokoro, labda anasalimia."

"Anasalimia na meno yote?"

"Si walisema Mungu anaujua moyo wako?"

"Ndiyo maana nataka kumwosha upesi, kabla hajauangalia vizuri."

Kisha akasema jambo ambalo halikuwa utani, nikalijua kwa sababu aliacha kuniita mke mwenza na kuniita kwa jina. Robo ijayo, kama hangeweza kumwosha jirani kwa mikono yake mwenyewe, hangekubali kuoshwa. Na asipooshwa hangeugusa mkate. Angekaa nyumbani siku ile, ya kwanza tangu abatizwe, na kila siku kama ile baada yake, kwa sababu magoti yasingerudi nyuma. Aliyasema haya akichambua maharagwe, na vidole vyake vilikuwa vikiyaangusha.

Nilikuwa na wiki kumi na tatu. Mtu wa kawaida angetumia moja. Mimi nilinunua daftari.

Wazo lilikuwa rahisi: kama nyanya hawezi kuishukia miguu, basi miguu ipande kwake. Angekaa kwenye kiti chake kirefu juu ya vikombe vya jiwe, na mbele yake ningeweka kimeza imara cha kubebea beseni, kwenye usawa wa magoti yake. Niliandika vipimo kumi na kimoja. Urefu kutoka sakafuni hadi gotini, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole kilichonyooka zaidi, upana wa beseni, uzito wa beseni lenye maji. Nilitengeneza kimeza cha kwanza kikatikisika. Cha pili hakikutikisika ila mimi nilihisi kinatikisika. Cha tatu nilikibomoa kwa sababu ya misumari miwili isiyolingana. Cha nne nilikipiga msasa. Nyanya alinikuta nikikipapasa chini, mahali ambapo hata panya asingepaona.

"Unatafuta nini huko?"

"Kibanzi, Magokoro. Jirani anaweza kujichoma."

"Kiache hicho kibanzi," akasema, "huenda kikanisaidia."

Tulifanya mazoezi. Mimi nilikaa mahali pa jirani, nikainua mguu, nikautumbukiza kwenye beseni juu ya kimeza, na nyanya akauosha bila kuinama hata kidogo. Sifongo nilikuwa nimeishonea kitanzi cha kitambaa kinachoingia kiganjani, ili asihitaji kubana. Taulo nilikuwa nimelikata jembamba. Kila kitu kilikwenda kama nilivyokiandika. Tulirudia Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na Alhamisi nyanya akasema miguu yangu sasa ni safi kuliko roho yangu na kwamba inatosha.

Ijumaa kabla jua halijatua tulivipeleka kanisani. Boda boda alifunga kiti na kimeza nyuma ya pikipiki, nami nikapanda na vikombe vinne vya jiwe kwenye begi mapajani.

"Mnahama?" akauliza.

"Tunapeleka kanisani."

"Kanisa lenu halina viti?"

"Vipo. Vifupi."

Alifikiri hadi tukapita machimbo. "Nyinyi watu wa Sabato," akasema, "mna mambo."

Siku yenyewe chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa mabeseni, taulo, na harufu ya sabuni ya unga. Nilikuwa nimefika mapema kupanga. Kiti juu ya vikombe, kimeza mbele, beseni juu, kiti cha kawaida cha jirani upande wa pili. Nilikuwa nimeangalia mara tatu kama vikombe vimekaa sawa. Nyanya aliingia na gauni lake la kijani, akapanda kitini kama jaji. Jirani akaja, mwanamke mfupi mwenye kiuno kipana, amevaa sketi ya sare ya akina mama, ile inayobana magotini. Akakaa. Akavua viatu. Akatazama beseni, lililokuwa karibu usawa wa kifua chake.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Inua mguu, dada," nyanya akasema kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijawahi kuisikia tena.

Jirani akajaribu. Mguu uliinuka kutoka sakafuni kiasi cha sahani ya chai, ukarudi. Akajaribu mwingine, ukafika hapohapo. Sketi ikasema kitu mahali pa mshono.

Hapo ndipo nilipoelewa. Vipimo kumi na kimoja, na vyote vya nyanya. Jirani sikuwa nimempima hata kimoja. Miguu niliyoifanyia mazoezi ilikuwa yangu, ya msichana anayeruka mitaro ya machimbo akiwa na jiwe begani. Sikuwa nimefikiria kwamba mwanamke anayeoshwa naye ana mwili, na kwamba hata kama angeweza, hakuna mama wa kanisa ambaye angeinua mguu hadi pale mbele ya mashemasi akiwa amevaa sketi.

Wanawake wengine wakaacha kumwaga maji. Shemasi yule mpole akaanza kutujia, na nikajua sentensi aliyokuwa amebeba. Nilipiga magoti haraka. "Magokoro, nitamwosha mimi kwa niaba yako, wewe uweke tu mkono juu ya—"

"Inuka hapo," nyanya akasema. "Mimi nina umri wa kuwa na niaba?"

Alitazama kiti chake. Akatazama kimeza. Akamtazama jirani kwa muda, kwa jinsi anavyotazama mkungu wa ndizi kujua kama utakatwa leo au Jumatano.

"Dada, njoo ukae hapa kwangu," akasema, na akaanza kushuka.

Tulimpandisha jirani kwenye kiti kirefu. Miguu yake ikaning'inia hewani kama ya mtoto kwa kinyozi, na sketi ikakaa kwa adabu. Nyanya akaliondoa beseni kwenye kimeza changu cha nne, akaniambia niliweke sakafuni, kisha akakikalia kimeza. Nilitaka kumwambia hakikutengenezwa kukaliwa. Nilitaka kumwambia kwamba kiko chini mno, kwamba magoti yake hayataweza kumwinua. Aliniona nikifungua mdomo.

"Najua," akasema. "Mtanivuta. Sifongo."

Akaingiza kiganja kwenye kitanzi na kuanza. Aliteka maji, akayamwaga juu ya mguu, akausugua kutoka kifundoni hadi kidoleni, na ule uliobaki vilevile. Hakuharakisha. Jirani alishika kingo za kiti kwa mikono miwili.

"Dada, unanitekenya."

"Vumilia. Ni unyenyekevu."

"Na hapo kati ya vidole hujafika."

"Huko kati ya vidole kuna historia," nyanya akasema. "Nakwenda polepole."

Mtu akacheka nyuma yetu, kisha wengine. Jirani naye akacheka, akajifuta macho kwa upande wa kiganja, na pale juu, bila mtu kumwuliza, akasema, "Kiti hiki ni kizuri. Mimi siku ile nilipopiga magoti sikujua nitainukaje. Ungedhani niliomba sana kwa sababu gani? Nilikuwa nangoja miguu iamke."

Sifongo ya nyanya ikasimama.

"Ile sala yote?"

"Yote. Niliombea hadi serikali ya kaunti."

Nyanya alicheka hadi kimeza kikatikisika, na nakiri kwamba hata katika dakika ile nilikuwa nikitazama mguu wa kimeza wa kushoto nyuma, ule wenye msumari nisiouamini. Uliweza. Alimaliza, akakausha kwa taulo jembamba, kidole kwa kidole, akimlipiza polepole ile ya robo iliyopita. Kisha akanyoosha mikono, mmoja kwangu, mmoja kwa jirani aliyekuwa ameshateremka peku, na tukamvuta. Ilichukua mivuto miwili. Magoti yalilia kwa sauti, na safari hii hakusema ni kiti.

Wakabadilishana mahali. Jirani akakaa chini, nyanya akapanda juu akaoshwa, na sala ilikuwa fupi sana. Walipokumbatiana, shemasi yule mpole alinijia na kuninong'oneza kama ningeweza kutengeneza vingine, viwili au vitatu, kwa robo ijayo. Nilisema nitapima kwanza. Nilianza palepale kutazama viuno vya watu, nikaona haya, nikaenda kumwaga maji.

Tuliingia kanisani wa mwisho. Nyanya na jirani walikaa benchi moja, mimi nyuma yao. Sahani ya mkate ilipopitishwa niliona jambo jingine ambalo halikuwa kwenye daftari: vipande ni vidogo, vidogo kama ukucha, na vidole vya nyanya haviwezi kubana kitu cha namna ile. Sijui miaka yote alikuwa akifanyaje. Mkono wake ulikaa juu ya sahani, ukitafuta pa kushikia. Shemasi aliyeibeba alikuwa akisubiri. Nilishika mgongo wa benchi lao.

Jirani alichukua vipande viwili, akafungua kiganja cha nyanya kama mtu anayefungua bahasha, akaweka kimoja ndani.

Nyanya akakitazama.

"Umenichagulia kidogo," akanong'ona, na benchi tatu zikasikia.

"Basi chukua changu," jirani akasema.

Akachukua.